Kabla Hujaipaka Rangi Fiat ya Mzee

Swali linanijia kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mama mmoja anayekaa nyuma ya soko la Gisenyi alinisimamisha njiani, funguo ziko mkononi. "Gari la marehemu mume wangu ni Fiat 124," akasema. "Halijapakwa rangi tangu litoke kiwandani. Fundi ananiambia nilipake kwanza ndipo lipate bei. Nifanyeje, mwanangu?" Wiki iliyofuata kijana akanipigia kutoka Goma: ana Alfa Romeo ya babu yake, kuna mtu yuko tayari kubadilisha viti vyote kwa bei nafuu. Baada yake wengine watatu.

Kwa hiyo nawajibu wote pamoja. Usilipake. Usibadilishe vitambaa vya viti, usipeleke bampa kuchovywa kromu mpya, usiruhusu mashine ya kung'arisha iguse bodi. Lisafishe kwa mkono wako, tengeneza karatasi zake, kisha utafute mteja. Yanayofuata ni namna ya kufanya hivyo hapa kwetu Rubavu.

## Mteja wako si yule unayemfikiria

Anayetafuta gari la kwenda nalo Musanze kila siku atanunua Toyota, na ana haki. Hata ukiipaka Fiat rangi ikang'aa kama kioo, hataitaka: spea zake hazipatikani dukani, na fundi anayeielewa ni mzee.

Mteja wako ni mtu mwingine kabisa. Anataka kuona gari lilivyotoka Torino au Milano, na lilivyozeeka. Rangi iliyofifia juu ya boneti ni ushahidi kwake. Rangi mpya inamtia shaka: chini yake kuna nini? Kutu? Mastiki? Ajali? Ukishapaka, hakuna fundi wa kumrudishia ile rangi ya kwanza.

Tarehe 6 Februari 2015, mjini Paris, Ferrari 250 GT California Spider iliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro milioni 16. Ilikuwa imekaa bandani miaka mingi, imejaa vumbi, na marundo ya magazeti yalikutwa juu yake. Hawakuipaka rangi wala kuing'arisha kabla ya mnada. Waliiacha na vumbi lake.

Sasa nakuomba utulie. Fiat ya mzee si Ferrari. Fiat 124 ya milango minne, hata iwe nzuri namna gani, huko Ulaya ni habari ya euro elfu kadhaa, si malaki. Nimekutajia Paris ili uone wanunuzi wa aina hiyo wanalipia nini. Usiende kumtajia mteja mamilioni.

## Jua kwanza una gari gani

Watu wengi wananiambia "Fiat" na wanaishia hapo. Haitoshi. Fiat 124 ilianza kutengenezwa 1966 na mwaka 1967 ikatuzwa kuwa gari la mwaka la Ulaya. Warusi wakanunua haki ya kuitengeneza, na kuanzia 1970 wakatoa Lada iliyofanana nayo sana kwa macho. Nimewahi kuitwa kuangalia "Fiat" ambayo ilikuwa Lada tangu siku yake ya kwanza. Nimeona pia Fiat ya kweli iliyovalishwa vipande vya Lada kwa sababu ndivyo vilivyopatikana.

Angalia hivi:

- Breki za nyuma. Fiat 124 ina diski kwenye magurudumu yote manne. Lada ina ngoma nyuma.
- Vishikio vya milango. Vya Lada vimezama ndani ya bodi, vya Fiat 124 ya kwanza vimetokeza nje.
- Kibati cha utambulisho kwenye chumba cha injini. Soma kila neno. Utaona aina ya gari, aina ya injini, namba ya chasi, na namba nyingine imeandikwa *per ricambi*. Hiyo ya mwisho ni namba ya kuagizia spea. Watu huinakili wakidhani ndiyo chasi, halafu wanashangaa karatasi hazilingani.
- Namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Ilinganishe na kibati, kisha na carte jaune, yaani kadi ya usajili wa gari. Tarakimu kwa tarakimu.
- Namba ya injini. Kama injini ilibadilishwa, ni afadhali ujue wewe kabla mteja hajajua.

Gari la yule mama tuliliangalia asubuhi moja, kabla jua halijawa kali. Tulipofungua buti, upande wa ndani wa kifuniko tukaikuta lebo ndogo ya rangi ya kiwandani. Imekuwa ya manjano, pembe moja imejikunja, lakini namba ya rangi inasomeka. Chini ya kapeti ya mpira, rangi ilikuwa nyeupe ya maziwa, mbichi kabisa. Juu ya paa ile ile imekuwa kama chaki. Nikamwambia mama aweke kidole hapa, kisha pale. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo hii ndiyo ile aliyoichagua." Ile lebo na kile kipande cha chini ya kapeti vina thamani kuliko kazi yoyote ya rangi ambayo angeilipia.

Ukitaka uthibitisho wa kiwandani, upo. Fiat, Lancia, Alfa Romeo na Abarth leo zote ziko chini ya Stellantis, na idara yao ya Heritage, iliyoko Torino, hutoa cheti cha asili kwa malipo kwa kufuata namba ya chasi. Mteja wa mbali ataamini cheti hicho kuliko maneno yako na yangu.

## Kusafisha bila kuharibu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa nia njema. Vumbi letu si la kawaida. Ni vumbi la mawe ya volkano, la makoro, na chembe zake zina makali. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya boneti unachora mistari elfu kwa mara moja. Moshi wa mlima Nyiragongo nao hubeba gesi zenye tindikali. Upepo huusukuma zaidi upande wa Kongo, na mabati ya huko yanajua habari yake. Kama gari lilikaa miaka Goma au Sake, chunguza kwa makini paa, mifereji ya mvua juu ya milango, na chini ya vioo.

Fanya haya:

1. Mwaga maji mengi kwanza bila kugusa. Acha vumbi liondoke lenyewe.
2. Osha kwa sabuni laini na kitambaa cha pamba, kuanzia paa kushuka chini. Kitambaa kikianguka, chukua kingine.
3. Kausha kivulini. Fungua milango yote, boneti na buti, mpaka unyevu wa ziwa utoke ndani.
4. Ndani tumia brashi laini. Viti vikiwa vimepasuka, viache vimepasuka.
5. Kutu ya juu juu isugue kidogo, ipake mafuta mepesi, basi.

Na haya usiyafanye:

- Usioshe injini kwa mashine ya presha. Alama za chaki na rangi walizoweka wafanyakazi wa kiwandani zikiondoka hazirudi.
- Usipake dashibodi yale mafuta ya kung'arisha. Yanateleza, yananuka, na mteja anajua mara moja kuna kitu unaficha.
- Usitupe kitu. Kabureta iliyokufa, redio isiyolia, kofia ya gurudumu iliyobonyea, vyote viingie kwenye boksi. Boksi hilo ni sehemu ya gari.
- Usizibe tundu la kutu kwa mastiki. Mteja atakuja na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pale isiponasa, mazungumzo yamekwisha.

Kama gari liliangukiwa na tofali katika matetemeko ya Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, usinyooshe kipondo hicho. Sema ni cha lini na cha nini. Kipondo chenye maelezo hakimfukuzi mtu.

## "Lakini haliwaki"

Najua. Limekaa tangu mzee aache kuendesha. Fundi wa jirani anataka kuleta betri ya lori, apige stata, aone. Mkatalie, kwa heshima, lakini mkatalie.

Injini iliyolala miaka ina silinda kavu, petroli iliyogeuka kama lami, na maji ya rejeta yaliyokula mipira. Ukiipiga stata kwa nguvu unaweza kuvunja ringi kwa sekunde tatu, na hapo umeuza chuma chakavu. Toa plagi, mimina mafuta kidogo kwenye kila silinda, acha siku mbili. Zungusha injini kwa mkono, polepole. Ikigoma, simama hapo hapo. Ikizunguka, mwaga petroli yote ya zamani, safisha tangi na kabureta, weka oili mpya, kagua breki. Breki kabla ya kuwasha. Ukiegesha kwenye mteremko wa kushuka ziwani halafu gari likawaka likiwa halina breki, hutakuwa na gari la kuuza.

Kama huna fundi unayemwamini, liache lisiwake. Gari lisilowaka lakini halijaguswa huuzika vizuri kuliko gari lililowashwa vibaya. Mwambie mteja kweli: "Injini inazunguka kwa mkono, sijaiwasha tangu mwaka fulani." Sentensi hiyo moja imewasaidia watu wengi.

## Karatasi: hapa tukae kidogo

Nimeona mauzo matano yakivunjika. Moja tu lilivunjika kwa sababu ya kutu. Manne yalikuwa karatasi.

Carte jaune iko kwa jina la nani? Mara nyingi ni jina la marehemu. Basi gari si lako bado, hata kama funguo ziko mfukoni mwako na wewe ndiye uliyekuwa ukiliosha tangu utotoni. Ni la warithi. Kaeni kikao, muandike makubaliano, kila mmoja atie sahihi, pamoja na yule ndugu aliye Brussels ambaye "hana neno". Mwenye kusemwa hana neno ndiye huwa nalo siku pesa zinapoonekana. Mama mjane asiachwe nje ya kikao hicho, na sahihi yake isiwe ya mwisho kuombwa.

Kuna jambo jingine, nalisema taratibu. Julai 1994 watu karibu milioni moja walipita mpaka wetu na Kongo kwenda Goma, na magari yalipita pamoja nao. Mengine yaliendeshwa na wenyewe. Mengine yalichukuliwa kwa watu waliouawa au waliokimbia. Kama gari lenu liliingia mikononi mwa familia katika miezi ile au muda mfupi baadaye, na hakuna anayeweza kueleza lilitoka kwa nani, usiliuze kwanza. Uliza wazee. Tafuta familia ya mwenyewe, zungumza na viongozi wa mtaa. Kuna mtu anaweza kuwa hai ambaye baba yake alipigwa picha mbele ya gari hilo. Bei yoyote utakayopata haitoshi kubeba jambo la namna hiyo.

Karatasi za kukusanya:

- Carte jaune, au uthibitisho wa usajili kutoka Mamlaka ya Mapato, RRA, kama ya zamani imepotea
- Karatasi za urithi na kitambulisho cha kila mrithi
- Bima za zamani, risiti za gereji, daftari la huduma, kitabu cha maelezo cha Kifaransa au Kiitaliano, hata kama panya wamekula pembe
- Karatasi za forodha za siku lilipoingia nchini, kama bado zipo
- Picha za familia zinazoonyesha gari. Harusi, ubatizo, safari ya Kibuye. Andika mwaka nyuma ya picha

Usidharau hizo za mwisho. Picha moja ya 1978, gari limesimama mbele ya nyumba, plaki inasomeka, ni ushahidi kwamba gari hili ni lile lile.

## Picha za kuuzia

Piga asubuhi mapema au jioni, gari likiwa limesimama tambarare. Ziwa likionekana nyuma ni zuri kwa picha moja. Nyingine zote ziwe za gari.

Piga pande zote nne, chini ya gari, ndani ya buti bila kapeti, sakafu, kila kibati, kila namba, mita ya kilomita, kila kiti. Kisha piga mabaya yote: kutu, mipasuko, vipondo. Weka sarafu kando ya tundu ili mtu ajue ukubwa wake. Hamsini si nyingi. Mteja wa Nairobi au Torino akiona umempigia tundu la kutu bila kuulizwa, ataanza kukuamini katika yale asiyoyaona.

Usitumie programu za kuremba picha.

## Uuze wapi?

Kigali. Anza huko. Ni kilomita 150 na kitu, hakuna mpaka, karatasi ni zile zile. Wako Wanyarwanda na wageni wanaopenda magari ya zamani. Kwa Fiat ya kawaida, huko ndiko pesa halisi iliko, hata kama bei itasikika ndogo.

Goma. Ni karibu sana, na ndiyo sababu watu hujisahau. Gari likivuka mpaka wa Grande Barrière limetoka Rwanda: kuna forodha ya huku na kuna forodha ya kule, kila moja na masharti yake. Muulize wakala wa forodha kabla ya kukubali bei. Na tangu benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, mteja wa huko atakuja na dola mkononi. Hilo nalirudia hapa chini.

Nairobi. Hapo kuna watu wanaoelewa. Maonyesho ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa farasi wa Ngong huandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo, na Lancia Delta iliposhinda Safari Rally mwaka 1988, 1989 na 1991, watu wa kule walisimama kando ya barabara wakaiona ikipita. Lakini Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa, na usukani wetu uko kushoto. Mteja wa Nairobi aonyeshe kwanza kibali alichonacho, ndipo muanze kuzungumza bei.

Ulaya. Hapa kuna habari ambayo wenye magari hawaambiwi na mafundi wa rangi. Umoja wa Ulaya una fungu la forodha la vitu vya makusanyo, namba 9705. Gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi, la aina isiyotengenezwa tena, likiwa katika hali yake ya asili bila mabadiliko makubwa ya chasi, bodi, injini, breki au usukani, linaweza kuingia bila ushuru wa forodha, badala ya asilimia 10 ya gari la kawaida. Ujerumani pia hulitoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7 badala ya 19. Fundi akikushauri ubadilishe injini uweke ya Toyota "ili litembee", kumbuka fungu hilo.

Ila piga hesabu. Kontena la futi 20 linaichukua Fiat 124 bila shida, kwa kuwa gari lina urefu wa kama mita 4 na kontena lina karibu mita 6 ndani. Shida ni njia: Gisenyi, Kigali, Rusumo, Dar es Salaam, halafu bahari. Usafiri, wakala na bima vinaweza kumeza sehemu kubwa ya bei ya Fiat ya kawaida. Kama gari ni Alfa Romeo Giulia GT au Lancia Fulvia coupé, hesabu inabadilika na safari inaweza kulipa. Na mteja wa Ulaya ndiye abebe gharama za kutoka Kigali. Muandike hivyo.

## Bei, komisiyoneri na wajanja

Bei unayoiona kwenye tangazo ni ndoto ya muuzaji. Tafuta bei ambazo magari yamekwisha kuuzwa kweli, kwenye matokeo ya minada, ya aina ile ile na hali ile ile. Toa usafiri. Kinachobaki ndicho cha kuanzia mazungumzo.

Komisiyoneri anaweza kukusaidia, na wapo waaminifu. Muandikiane asilimia yake kabla hajaleta mtu, na asishike carte jaune hata kwa saa moja. Mpe nakala.

Jihadhari na haya:

- Mteja asiyeuliza swali hata moja kuhusu gari, anataka tu namba ya akaunti yako
- Anayesema ametuma zaidi kwa makosa, umrudishie kilichozidi
- Anayeleta ujumbe wa benki kwenye simu yake kama uthibitisho. Pesa ni ile benki yako mwenyewe inayokuambia imeingia
- Anayetaka kulijaribu gari "mpaka pale barrière tu". Akijaribu, wewe uko ndani ya gari, na barabara ni ya kuelekea Musanze
- Dola za mkononi. Mzihesabie ndani ya benki, kaunta izikague, iziweke hapo hapo. Noti iliyochanika kidogo huku kwetu ni hasara yako

Avansi ikitolewa, andikeni ni kiasi gani, ya siku ngapi, na nini kitatokea mteja asiporudi. Usimwondolee mtu mwingine nafasi kwa avansi ya maneno.

## Siku ya kukabidhi

Mkataba uandikwe mbele ya notari, wenye namba ya chasi, namba ya injini, kilomita, na maneno haya: gari linauzwa katika hali yake lilivyo, na kasoro zimeonyeshwa kwa picha zilizoambatanishwa. Mutation, yaani kuhamisha umiliki, ifanywe RRA mkiwa pamoja, siku hiyo hiyo kama inawezekana. Usimwachie mteja aondoke na gari likiwa bado kwa jina la mzee; faini na ajali zitakuja kugonga mlango wako. Gari likitoka nchini, hakikisha usajili umefutwa na plaki zimerudishwa, ubaki na karatasi ya uthibitisho. Kisha pitia kwa mtu wa bima uifunge.

Mpe mteja lile boksi, na umwonyeshe kimoja kimoja: hii ni kabureta ya kwanza, hii ni kofia ya gurudumu la nyuma kushoto, huu ni ufunguo wa pili. Zile picha za familia mpe nakala. Za asili rudi nazo nyumbani.